Pete kwenye Taa: Kisa cha Lenzi ya Fokasi Tatu na Jicho la Pili Lililosubirishwa

Kisa hiki kimeandikwa kwa wahudumu wa macho na kwa mtu yeyote anayefikiria kuwekewa lenzi ya fokasi nyingi, yaani lenzi bandia iliyokusudiwa kuonyesha zaidi ya umbali mmoja, wakati wa kuondolewa mtoto wa jicho. Taarifa zinazoweza kumtambulisha mgonjwa zimeondolewa au kubadilishwa. Upasuaji wenyewe ulikwenda salama tangu mwanzo hadi mwisho. Yaliyoleta mjadala ni maamuzi yaliyofanyika kabla na baada yake.

Mgonjwa na alichokitaka

Alikuwa mwalimu wa muziki, mwanamke wa miaka 60 na ushei. Alikuja akilalamika kwamba jicho la kulia limeingia ukungu na mwanga wa jua unamwumiza. Kwa miwani bora kabisa iliyoweza kupatikana, jicho la kulia lilisoma 6/24, yaani herufi ambayo mwenye macho mazima huisoma akiwa mita 24, yeye alilazimika kuisogelea hadi mita 6. La kushoto lilisoma 6/12. Mtoto wa jicho alikuwepo pande zote mbili, ila kulia alikuwa amekolea zaidi na amegusa sehemu ya nyuma ya lenzi, mahali ambapo hata ukungu mdogo husumbua sana kwenye mwanga mkali.

Hakutaka kuona tu. Alitaka kuachana na miwani. Alikuwa na mitatu: wa kuwaonea wanakwaya waliosimama mita kadhaa mbele yake, wa stendi ya nota iliyo kama sentimita 65 kutoka usoni, na wa kusahihishia madaftari sentimita 40. Kila zoezi la kwaya lilikuwa kazi ya kuvua huu na kuvaa ule. Kwa anayezijua lenzi hizi, maelezo hayo yanavutia mno: umbali wa aina tatu, fokasi tatu. Ni rahisi kuona jibu limeshapatikana kabla maswali hayajaisha.

Kwenye fomu ya maandalizi kulikuwa na swali kama huendesha gari usiku. Akaweka alama kwenye "mara chache."

Skani ya OCT, inayopiga picha za tabaka za retina kwa mwanga, ilionyesha makula safi, yaani sehemu ya katikati ya retina inayoona kwa makini, kwa macho yote mawili. Mshipa wa fahamu wa jicho ulikuwa mzima, presha ya macho ya kawaida. Konea, utando angavu wa mbele ya jicho, ilikuwa na astigmatizimu, yaani mpindo usio sawa: kulia dayopta 0.6 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi) na kushoto 0.5, kiasi ambacho timu iliona hakihitaji lenzi ya toriki, ile inayosahihisha mpindo wa konea. Vipimo vya konea vilichukuliwa mara moja. Machozi hayakupimwa, kwa kuwa mgonjwa hakulalamikia ukavu. Alichosema ni kwamba macho humtoka machozi akipigwa na upepo, na hilo likaandikwa kwenye faili bila kufuatiliwa.

Lenzi hizi zinavyofanya kazi

Lenzi ya fokasi moja hukusanya mwanga wote mahali pamoja. Ikipangwa kwa ajili ya mbali, mgonjwa huona mbali vizuri na huhitaji miwani ya kusomea. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu Harold Ridley alipopandikiza lenzi bandia ya kwanza London mwaka 1949, na hadi leo hiyo ndiyo lenzi wanayowekewa wagonjwa wengi zaidi.

Lenzi ya fokasi nyingi huugawa mwanga. Zilizo nyingi sokoni zina mistari ya duara iliyochongwa kwenye uso wake, midogo kiasi cha kuhitaji darubini kuiona, na mistari hiyo hupeleka sehemu ya mwanga kwenye picha ya mbali na sehemu nyingine kwenye picha ya karibu. Ya fokasi tatu huongeza picha ya umbali wa kati. Picha zote hufika kwenye retina kwa wakati mmoja, na ubongo ndio unaochagua ile iliyo kali. Katika muundo wa kawaida wa fokasi mbili zenye mgawo sawa, kila picha hupata takriban asilimia 41 ya mwanga, na asilimia 18 hivi hupotea bila kutumika popote.

Tabu hutokea hapo kwenye mgawo. Usiku, taa moja ya gari huunda picha kali ya mbali, na papo hapo mwanga ule uliokusudiwa kwa karibu hutandaa kuizunguka. Mgonjwa huona pete. Isitoshe, kijivu juu ya kijivu huwa kigumu kukipambanua, hasa penye mwanga hafifu. Hayo yamo ndani ya ufundi wenyewe, na hata mpasuaji hodari kuliko wote hawezi kuyaondoa. Wengi huzoea ndani ya miezi mitatu hadi sita, wengine huchukua mwaka, na wachache hawazoei kabisa.

Ndiyo maana lenzi hii haivumilii kasoro nyingine. Jicho lenye lenzi ya fokasi moja likibaki na astigmatizimu ya dayopta 0.75 au machozi mabovu, mgonjwa mara nyingi hatalalamika. Mwenye fokasi tatu ameshapunguziwa mwanga kwa kila picha, kwa hiyo upungufu mdogo juu ya huo anauona.

Jicho la kulia

Timu ilipendekeza lenzi ya fokasi tatu, jicho la kulia kwanza, na la kushoto baada ya wiki chache ikiwa la kwanza litaridhisha. Sababu zilikuwa wazi: makula nzima, mahitaji ya umbali tatu, na mgonjwa aliyejua anachotaka. Kuacha muda kati ya macho mawili kulikuwa uamuzi wa kawaida tu wa kliniki ile, lakini baadaye kuliokoa mengi.

Alielezwa kwa mdomo kwamba anaweza kuona pete kwenye taa. Akakubali, akatia sahihi.

Upasuaji ulifanyika kwa ganzi ya matone, kwa mkato wa milimita 2.4. Mtoto wa jicho alivunjwa kwa mawimbi ya sauti na kufyonzwa, lenzi bandia ikakaa katikati ya kifuko, ule utando mwembamba uliokuwa umeifunika lenzi ya asili. Kesho yake jicho lilisoma 6/9 bila miwani. Wiki iliyofuata alisoma maandishi ya gazeti kwa sauti kliniki na kuwachekesha manesi.

Wiki ya tano

Alirudi kabla ya tarehe yake. Herufi za ukutani alisoma 6/9, na kwa karibu N6, kipimo cha maandishi madogo ya kusoma. Kwenye karatasi, mgonjwa huyu alikuwa amefanikiwa, na kosa linalofanyika mara nyingi katika hatua hii ni kumwonyesha mgonjwa namba zake na kumwambia avumilie.

Malalamiko yake yalikuwa mawili, ingawa mwenyewe aliyasema kama moja. La kwanza: "Naona safi nikipepesa, kisha panachafuka tena." La pili: taa za magari zimevaa pete, na akitoka kwenye mazoezi usiku anaogopa kushika usukani. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba mazoezi ya kwaya huisha baada ya giza kuingia, mara mbili kwa wiki, naye hujiendesha kurudi nyumbani. Kwa hesabu yake hiyo haikuwa "kuendesha usiku". Kuendesha usiku ni safari ya mbali.

Alipoulizwa kama hakuambiwa habari za pete, alijibu, "Mliniambia, daktari. Mimi nilidhani ni kitu cha kupita, kama tongotongo za asubuhi."

Mtaalamu wa optometria alimpa karatasi na kalamu, akamwomba akifika nyumbani asimame gizani, atazame taa ya barabarani kwa jicho moja moja, kisha achore anachokiona. Karatasi ile ilifaa kuliko mashine kadhaa. Kwa jicho la kulia alichora pete mbili nyembamba zenye kitovu kimoja, na juu yake miale iliyokwenda upande mmoja zaidi ya mwingine. Pete za mviringo kamili hutoka kwenye mistari ya lenzi. Miale isiyo sawa hutoka kwingine: kwenye machozi, au kwenye astigmatizimu iliyobaki. Basi jicho lilikuwa na matatizo mawili, na moja kati yake huenda likatibika.

Uchunguzi ulithibitisha. Baada ya tone la rangi ya njano, utando wa machozi ulipasuka sekunde 4 tu baada ya kupepesa, wakati jicho zima hukaa 10 au zaidi. Sehemu ya chini ya konea ilikuwa na vidoa vya rangi, alama ya seli zilizochubuka kwa ukavu. Tezi za mafuta kwenye kingo za kope zilikuwa zimeziba, na zilipobanywa zilitoa uji mzito badala ya mafuta mepesi. Kipimo cha miwani kilionyesha astigmatizimu ya dayopta 1.00 iliyobaki, na kwa kuisahihisha alifika 6/6. Skani ya makula ilirudiwa kwa makusudi, kwa sababu uvimbe wa makula baada ya upasuaji huu hujitokeza zaidi kati ya wiki ya nne na ya sita. Ilikuwa safi. Kifuko nyuma ya lenzi kilikuwa na mikunjo myepesi pembeni, si katikati.

Ushauri wa leza

Katika siku hizo mgonjwa alikuwa ameomba maoni kwingine, na huko aliambiwa kifuko kimeanza ukungu, kitobolewe kwa leza ya YAG. Akaja akiwa na matumaini. Leza ile ni ya dakika chache, haina maumivu, na kwa ukungu wa kweli wa kifuko hufanya kazi vizuri sana.

Timu ilikataa, na naona huu ndio uamuzi bora katika kisa kizima. Kifuko kikiwa kizima, lenzi inaweza kutolewa na nyingine kuwekwa mahali pale pale, na katika miezi ya mwanzo hutoka bila tabu kubwa kwa kuwa kifuko hakijaishikilia. Kikishatobolewa, ute wa ndani ya jicho unaweza kusogea mbele, lenzi mpya inaweza kukosa pa kukaa, na upasuaji wa kubadilisha lenzi unakuwa wa hatari ya daraja lingine. Kwa hiyo leza inakuja baada ya kuamua kwamba lenzi inabaki, na wakati ule hakuna aliyekuwa na uhakika huo. Mikunjo ya pembeni isingeweza kueleza pete za mviringo wala picha inayosafika kwa kupepesa.

Alielezwa hivyo kwa mchoro, kifuko kimoja kizima na kingine chenye tundu. Hakufurahi, lakini alielewa kwa nini anasubirishwa.

Machozi kwanza

Matibabu hayakuwa ya ajabu: machozi bandia yasiyo na dawa ya kuhifadhi, kitambaa cha uvuguvugu juu ya kope kila siku na kuzikanda, usafi wa kingo za kope, na kozi fupi ya matone ya kupunguza mchubuko. Tarehe ya jicho la kushoto ikafutwa bila kupangwa nyingine.

Wiki sita baadaye machozi yalidumu sekunde 8. Vidoa vilikuwa vimekwisha. Astigmatizimu iliyobaki kulia ilishuka kutoka 1.00 hadi 0.50, maana sehemu yake haikuwa ya konea hata kidogo, ilikuwa ya machozi yasiyotandaa sawasawa. Uchafu unaokuja na kwenda ulitoweka. Mchoro mpya wa taa ulikuja bila miale.

Pete zilibaki pale pale. Ili kuwa na hakika, mtaalamu wa optometria alitoka naye nje jioni akiwa amevaa fremu ya majaribio yenye lenzi ya kusahihisha ile 0.50 iliyobaki. Pete hazikubadilika. Ni jaribio la dakika kumi, nalo lilifunga mlango wa kuandika miwani au kurekebisha konea kwa leza kama dawa ya pete.

Jicho la kushoto

Vipimo vya konea ya kushoto vilirudiwa, safari hii mara kadhaa na kwa mashine mbili. Astigmatizimu iliyosomeka 0.5 mwanzoni sasa ilikuwa 1.1, ya mpangilio mzuri, na mashine zote mbili zilikubaliana. Ukavu ulikuwa umeficha zaidi ya nusu yake. Kama jicho hili lingefanyiwa upasuaji kwa tarehe ya awali, lingewekewa lenzi isiyo sahihi, iwe ya fokasi moja au tatu.

Palikuwa na njia tatu mezani. Kuweka fokasi tatu ya toriki pia kushoto: macho mawili yanayofanana husaidiana, na wagonjwa wengi hutulia hasa baada ya jicho la pili. Kutoa lenzi ya kulia na kuweka fokasi moja pande zote. Au kuacha ya kulia kama ilivyo, na kushoto kuweka fokasi moja ya toriki iliyopangwa kwa mbali.

Hoja ya njia ya kwanza ni nzito, na baadhi ya wenzetu waliitetea. Lakini ilikuwa inamwomba mgonjwa anayeogopa pete za jicho moja akubali pete za macho mawili, kwa matumaini kwamba ubongo utazipuuza. Zikigoma, angekuwa na lenzi mbili za kutoa. Njia ya pili haikufungwa: alipewa tarehe ya mwisho ya kuifikiria, kabla kifuko hakijaanza kuikamata lenzi. Nadhani tarehe hiyo ilimtuliza zaidi ya maelezo yote.

Njia ya tatu ilipata nguvu kutokana na kipimo kidogo. Alipewa kadi yenye tundu katikati, akaambiwa ainyooshe kwa mikono miwili na kutazama kitu cha mbali kupitia tundu. Jicho alilotumia bila kufikiri lilikuwa la kushoto. Jicho linaloongoza ndilo ambalo kwa kawaida hupewa mbali, na hapa ndilo lililokuwa bado halijawekewa lenzi bandia. Alichagua njia hiyo mwenyewe, akiwa ameambiwa kwamba miwani ya kusomea huenda ikarudi.

Lenzi ya toriki ilihitaji uangalifu wa mhimili: kila digrii moja ya kuzunguka huondoa takriban asilimia 3.3 ya usahihisho, na ikizunguka digrii 30 haisahihishi chochote. Alama ziliwekwa kwenye jicho akiwa amekaa wima, kwa sababu jicho hujizungusha kidogo mtu akilala. Baada ya upasuaji lenzi ilikuwa mahali pake.

Matokeo

Miezi mitatu baadaye alisoma 6/6 kwa macho mawili bila miwani. Stendi ya nota aliiona vizuri. Madaftari aliyasahihisha mchana bila miwani, akitegemea jicho la kulia, na usiku alivaa miwani ya kusomea. Alirudi kuendesha gari baada ya mazoezi. Pete aliziona akizitafuta, au akifunika jicho la kushoto. Tarehe ya kubadilisha lenzi ilipokaribia, alisema iachwe, na uamuzi huo ukaandikwa kwenye faili kwa maneno yake.

Karibu na mwisho wa mwaka jicho la kulia lilishuka hadi 6/12. Safari hii ukungu wa kifuko ulikuwa katikati, mzito, na ulitosha kueleza malalamiko. Leza ya YAG ilifanyika siku hiyo hiyo, jicho likarudi 6/6. Pete hazikuguswa, na hakuna aliyetarajia ziguswe.

Kilichofanya kazi na kilichokwama

Malalamiko yalitenganishwa kabla ya kutibiwa. Mgonjwa asiyeridhika na lenzi hizi huleta fungu moja la maneno, "sioni vizuri," na ndani yake mna machozi, miwani, makula, kifuko na lenzi yenyewe. Karatasi ya mchoro, tone la rangi na fremu ya majaribio viliyatenga bila gharama yoyote ya maana. Mpangilio pia ulikuwa sahihi: yanayorudishika yalifanywa kwanza, na leza isiyorudishika ikangoja karibu mwaka mzima.

Maandalizi ndiyo yaliyokwama. Kwanza machozi. Mgonjwa aliyesema macho yanamtoka machozi kwenye upepo alikuwa ameutaja ukavu kwa sauti, kwani jicho kavu hujibu mchubuko kwa kumwaga maji. Kipimo cha dakika moja kingebadilisha namba za macho yote mawili. Huenda kingebadilisha hata lenzi ya kulia, ingawa kwa jicho lile tofauti ilikuwa ndogo.

Pili, swali la usiku. "Mara chache" si jibu, kwa sababu kila mtu ana kipimo chake cha uchache. Siku hizi kliniki ile huuliza mara ya mwisho mgonjwa aliposhika usukani gizani ilikuwa lini, na alikuwa anatoka wapi. Pia huonyesha picha mbili za barabara moja usiku, yenye pete na isiyo na pete, kabla ya mtu kutia sahihi. Pete iliyotajwa kwa mdomo kila mgonjwa huichora kichwani kwa ukubwa anaoutaka.

Jambo moja bado linajadiliwa. Mgonjwa huyu alilipia lenzi ya kuachana na miwani, na amebaki na miwani ya kusomea usiku. Wako wanaoona kwamba kwa mtu anayeendesha gizani kila wiki, fokasi moja pande zote, jicho moja likipangwa kwa mbali na lingine kwa dayopta 1.00 hadi 1.50 karibu zaidi, ingempa stendi yake ya nota bila pete yoyote. Ninaegemea upande huo. Mwenyewe alipoulizwa alisema hapana, jicho la kulia analipenda mchana, na asingependa kulirudisha.